Nia Nyuma ya Kauli: Kuwasoma Wahusika wa Filamu ya Back to the Future

Swali la dondoo katika Karatasi ya Tatu (102/3) huwatatiza hata watahiniwa ambao vitabu teule wamevisoma vizuri. Sehemu ya muktadha si tatizo kubwa. Msemaji ni fulani, anamwambia fulani, wako mahali fulani, kwa sababu fulani. Alama nne zinaingia. Tatizo huanza kwenye kipengele kinachofuata, kinapouliza sifa za msemaji, umuhimu wake, au kilichomsukuma kusema aliyosema. Hapo mtahiniwa huacha kusoma na kuanza kukumbuka. Anaorodhesha sifa alizokariri: ni mwenye bidii, ni mshauri, ni mwoga, ni mwenye mapenzi. Wakati mwingine dondoo lililo mbele yake linaonyesha kinyume kabisa cha anachoandika.

Makala haya yanakuonyesha namna ya kutoka kwenye kauli hadi kwenye nia. Mfano tutakaoutumia ni filamu, si kitabu teule, na sababu ni mbili. Kwanza, filamu na tamthilia ni ndugu. Hakuna msimulizi wa kukunong'onezea anachowaza mhusika. Ulicho nacho ni maneno yake na matendo yake tu. Pili, huna orodha ya sifa uliyoikariri kuhusu filamu hii, kwa hivyo utalazimika kufikiri mwenyewe. Tahadhari mapema: usiitaje filamu hii katika jibu lako la mtihani. Unachobeba kutoka hapa ni ustadi.

MUHTASARI WA FILAMU

Back to the Future ilitolewa Marekani mwaka 1985. Iliongozwa na Robert Zemeckis, aliyeiandika pamoja na Bob Gale. Marty McFly ni kijana wa miaka 17 katika mji wa kubuni uitwao Hill Valley, jimbo la California. Babake, George, ni mnyonge anayeonewa na Biff, msimamizi wake kazini. Mamake, Lorraine, amekata tamaa ya maisha na hunywa pombe. Rafiki ya Marty, mwanasayansi Dkt. Emmett Brown, amegeuza gari aina ya DeLorean kuwa chombo cha kusafiria wakati. Likifika mwendo wa maili 88 kwa saa, yaani takriban kilomita 142, hutoweka na kutokea katika tarehe iliyochaguliwa.

Usiku wa Oktoba 26, 1985, magaidi ambao Dkt. Brown aliwahadaa ili apate plutoniamu yao wanampiga risasi. Marty anakimbilia gari lile na kujikuta Novemba 5, 1955. Wazazi wake ni wanafunzi wa shule ya upili. Marty anamsukuma George asigongwe na gari la babake Lorraine, akagongwa yeye. Kumbe ajali hiyo ndiyo iliyowakutanisha wazazi wake! Sasa Lorraine anamtamani Marty badala ya George, na katika picha aliyoibeba Marty, yeye na nduguze wanaanza kufifia. Ana wiki moja tu. Novemba 12, saa nne na dakika nne usiku, radi itapiga mnara wa saa wa jengo la mahakama na kumpa nguvu za kurudi kwao. Kabla ya hapo lazima wazazi wake wapendane.

USICHANGANYE NA KISENGERE NYUMA

Ukisikia kwamba hadithi imerudi miaka 30 nyuma, unaweza kukimbilia kuandika kuwa mbinu iliyotumika ni kisengere nyuma, yaani mbinu rejeshi. Hapa si hivyo. Katika kisengere nyuma, yaliyopita husimuliwa au hukumbukwa, nayo hubaki yalivyokuwa. Lorraine wa 1985 anapowasimulia watoto mezani jinsi alivyokutana na baba yao, hiyo ni mbinu rejeshi. Marty anapofika 1955 kwa miguu yake mwenyewe na kuyavuruga, hilo ni tukio ndani ya ploti.

Tofauti hii ina faida kwa msomaji. Mbinu rejeshi inatupa mhusika anavyojikumbuka. Usafiri wa wakati unatupa mhusika alivyokuwa hasa. Tukiwaweka wawili hao bega kwa bega, tunaona anachokificha, anachokiogopa na anachojidanganya nacho.

MASWALI MANNE YA KUULIZA KILA KAULI

Mhusika anapofungua kinywa, jiulize:

1. Wakati huu, mbele ya mtu huyu, anataka nini?
2. Anaogopa nini?
3. Anajua nini, na hajui nini?
4. Je, kitendo chake kinaafikiana na maneno yake?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Katika 1955, Dkt. Brown anamjaribu Marty kwa kumuuliza rais wa 1985 ni nani. Marty anamjibu kuwa ni Ronald Reagan. Brown anacheka na kudhihaki, kwa kuwa Reagan anayemjua yeye ni mwigizaji wa filamu. Mtahiniwa wa haraka ataandika kwamba Brown ni mwenye dharau au mpumbavu. Siyo. Kwa ujuzi wa 1955, kicheko chake ni cha mtu mwenye akili timamu. Sisi tunajua asilolijua, na pengo hilo ndilo kinaya. Usimhukumu mhusika kwa ukurasa ambao yeye hajaufikia.

Sasa tuyatumie maswali haya kwa wahusika wakuu.

GEORGE NA MARTY: HOFU MOJA, VINYWA VIWILI

Mwanzoni mwa filamu, mwaka 1985, Jennifer, mpenzi wa Marty, anamhimiza atume kanda ya muziki wake kwa kampuni ya kurekodi. Marty anakataa. Anahofia kuambiwa kuwa hafai, na anakiri kwamba hawezi kustahimili kukataliwa kwa namna hiyo. Kisha anashtuka kuwa ameanza kuzungumza kama babake.

Baadaye, katika mkahawa wa shule mwaka 1955, Marty anamkuta George akiandika hadithi za viumbe kutoka sayari nyingine. George anasema hajawahi kumruhusu mtu yeyote azisome. Itakuwaje wakisema hazifai? Anadhani ni vigumu mtu mwingine kulielewa jambo hilo. Marty anamjibu kwa maneno machache kuwa si vigumu hata kidogo.

Jibu hilo fupi ndilo moyo wa tukio. Hadi hapo, nia ya Marty ilikuwa kujiokoa; alimtafuta George kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akififia pichani. Anapojibu hivyo, hamwoni tena baba mnyonge wa kuonewa aibu. Anamwona kijana wa rika lake mwenye ugonjwa ule ule alio nao yeye. Kinachoonyesha haya si hotuba. Ni kauli ya kwanza kurudi katika kinywa kingine, na msikilizaji kuitambua.

Somo: ukiona wazo limejirudia katika kazi ya fasihi, usitosheke kuandika "takriri" na kuendelea. Uliza ni nani alilisema kwanza, ni nani analirudia, na kwa nini mwandishi amewaunganisha hao wawili.

Somo la pili: soma jibu la msemewa. Watahiniwa wengi humchambua msemaji kana kwamba anazungumza peke yake. Mazungumzo yana pande mbili, na mara nyingi nia ya mmoja hufichuliwa na namna mwenzake anavyomjibu.

LORRAINE: TUNAPOJIKUMBUKA TUNAVYOTAKA

Mezani mwaka 1985, Lorraine anawaambia wanawe kwamba alipokuwa msichana hakuwahi kumwandama mvulana, kumpigia simu wala kukaa naye katika gari lililoegeshwa. Mwaka 1955 tunamwona akimwandama Marty waziwazi, akivuta sigara, akinywa pombe garini, na kumwambia Marty anayejaribu kumzuia kwamba anazungumza kama mamake!

Je, Lorraine ni mnafiki? Swali la nne linaonyesha kuwa kauli na kitendo havipatani, kwa hivyo unafiki unaweza kutetewa. Lakini usiishie hapo. Rudi kwenye swali la kwanza na la pili. Lorraine wa 1985 ni mama mwenye huzuni, mwenye chupa mkononi, katika ndoa isiyo na furaha. Anataka wanawe wasipitie alikopitia. Anaogopa kuwaambia ukweli kwa sababu ukweli huo unamuumiza. Jibu linalosema "ni mnafiki kwa kuwa anawakataza wanawe jambo alilolifanya" litatuzwa. Jibu linaloongeza "unafiki wake unatokana na majuto na hamu ya kuwalinda" linaonyesha kwamba umemwelewa.

Tazama pia anavyoeleza kilichomvutia kwa George. Katika simulizi lake la mezani, alimhurumia; alimwona kama kitoto cha mbwa kilichopotea. Hajui kuwa George aliangukia barabarani kutoka juu ya mti alikokuwa akimchungulia kwa darubini. Ndoa yao ya kwanza, basi, ilijengwa juu ya huruma na siri. Tukio la usiku wa dansi linaibadilisha misingi hiyo miwili.

MANENO YA KUKARIRI YANAPOGEUKA KUWA YA KWELI

Marty anapanga mchezo. Yeye atajifanya anamkosea Lorraine heshima garini, George aje afungue mlango na kutoa amri ya kumwacha msichana, Marty aanguke, na Lorraine aone shujaa. George anayakariri maneno hayo nyumbani kama mtahiniwa anayekariri majibu.

Usiku unafika. George anafungua mlango na kuyatamka maneno yake. Lakini aliye ndani ya gari si Marty. Ni Biff, na Lorraine anashambuliwa kwelikweli. Biff anamwambia George kuwa amekosea gari, afunge mlango na kwenda zake.

Hapa filamu inatupa somo bora kuhusu dayalojia. George ametamka maneno yale yale aliyofundishwa, lakini hali imebadilika, kwa hivyo na maana imebadilika. Alipoufungua mlango, alitaka kupendwa. Sasa hana mchezo wa kuigiza wala uhakika wa kushinda, na anajua Biff ana nguvu kumshinda. Anapokataa kuondoka na kumwambia Biff amwache Lorraine, kauli hiyo hakufundishwa na mtu. Biff anamkunja mkono hadi anapiga magoti. Biff anapomsukuma Lorraine na kucheka, George anakunja ngumi na kumwangusha kwa pigo moja.

Zingatia mpangilio wake. Ujasiri wa George haukuanza na ngumi. Ulianza alipokataa kufunga mlango. Ukiulizwa uonyeshe ujasiri wake ukaitaja ngumi pekee, umetaja matokeo ukaacha chanzo. Zingatia pia kwamba baada ya pigo lile, jambo la kwanza analolifanya George ni kumuuliza Lorraine kama yuko salama. Hajigambi. Swali lake linathibitisha nia yake.

Kwa hivyo Lorraine anampenda kwa sababu nyingine sasa: badala ya kumhurumia, anamheshimu. Marty anaporudi 1985, anawakuta wazazi wenye furaha, George amepokea nakala za riwaya yake ya kwanza, na Biff anayang'arisha magari yao. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni sababu iliyowaunganisha.

DKT. BROWN: MSIMAMO NA BARUA ILIYOCHANWA

Dkt. Brown wa 1955 anashikilia kanuni moja: mtu asijue mengi kuhusu mustakabali wake. Marty anataka kumwonya kwamba atapigwa risasi, naye anakataa kusikia. Marty anaandika barua na kuitia mfukoni mwa koti lake. Brown anaigundua, anakasirika na kuichana mbele yake. Miaka 30 baadaye anapigwa risasi kama ilivyokuwa, lakini anainuka. Alikuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Anatoa ile barua, ikiwa imeunganishwa kwa utepe wa gundi.

Marty anapomkumbusha mahubiri yake kuhusu kutovuruga mambo yajayo, Brown anajibu kwa wepesi, kama mtu aliyeamua liwe liwalo. Je, ni kigeugeu? Jiulize tena swali la pili. Alipokuwa akiichana barua, alikuwa akiogopa uharibifu ambao ujuzi huo ungeleta. Baadaye, akiwa peke yake na vipande mfukoni, hofu ya kifo na imani kwa rafiki yake zilishinda kanuni. Mhusika huyu anashikilia kanuni kwa dhati na bado ni binadamu. Katika jibu, andika sifa zote mbili, kila moja na ithibati yake. Mhusika mzuri wa fasihi anaweza kubeba sifa mbili zinazovutana. Si lazima uchague moja.

BIFF NA STRICKLAND: WANAOBAKI WALIVYO

Biff anamfanya George amwandikie kazi zake za shule mwaka 1955. Mwaka 1985 anamfanya amwandikie ripoti za kazi. Miaka 30 haijambadilisha kwa sababu hakuna aliyewahi kumkataza. Strickland, mkuu wa nidhamu shuleni, anamwambia Marty kuwa hakuna McFly aliyewahi kufaulu katika historia ya mji huo. Marty anamjibu kuwa historia itabadilika.

Marty anapojibu hivyo, nia yake ni kujitetea tu. Hajui kwamba baada ya siku chache atalitimiza neno lake moja kwa moja. Kwa hivyo tofautisha vitu viwili katika jibu lako: nia ya msemaji (kujitetea) na lengo la mwandishi (kudokeza yatakayotokea). Watahiniwa wengi huvichanganya na kuandika kwamba mhusika anatabiri.

SWALI NA JIBU LA MFANO

Swali: Rejelea kauli ya George mkahawani kuhusu kutowaonyesha watu hadithi zake.
(a) Weka kauli hii katika muktadha wake. (alama 4)
(b) Eleza mambo mawili yaliyomsukuma msemaji kuitoa. (alama 4)

Jibu dhaifu la (b): George ni mwoga. George hapendi watu. George ni mwandishi.

Jibu hili limetaja sifa badala ya msukumo. Hoja ya pili haina ushahidi, na ya tatu haijibu swali.

Jibu bora:
(a) Msemaji ni George McFly. Anamwambia Marty. Wako katika mkahawa wa shule mwaka 1955. Marty amemkuta akiandika na kutaka kujua kwa nini hawaruhusu watu kuzisoma hadithi zake.
(b) (i) Hofu ya kukataliwa: anaona ni heri hadithi zisisomwe kuliko aambiwe hazifai. Hofu hiyo hiyo inamzuia kumwalika Lorraine kwenye dansi. (ii) Kutojithamini kunakotokana na kuonewa: Biff humdhalilisha mbele ya wenzake, hivyo ameyazoea maneno ya kumshusha na anayatarajia kwa kila mtu.

Kila hoja ina sehemu mbili: msukumo wenyewe na tukio linaouthibitisha. Ukiondoa tukio, hoja inabaki dai tupu.

KURUDI KWENYE VITABU VYAKO

Chukua sasa maswali yale manne uende nayo kwenye tamthilia yako. Ukifika kwa Yona katika Bembea ya Maisha, kwa mfano, usitosheke kuandika kuwa ni mlevi. Uliza ulevi huo ulianzia wapi, nani alikuwa akimsema, na yeye alikuwa akiogopa nini. Mwandishi hakukupa gari la kukurudisha ujana wa mhusika, lakini amekuachia kauli za watu wanaokumbuka. Zisome ukijua kwamba anayekumbuka huchagua cha kusema, kama Lorraine mezani.

Na ikiwa wewe pia una insha au shairi ulilolificha daftarini kwa kuogopa kuambiwa halifai, mpe mwalimu wako alisome wiki hii. Utajifunza kuhusu nia ya George kuliko utakavyojifunza kwa kukariri.

ZOEZI

1. "Lorraine wa 1985 na Lorraine wa 1955 ni mhusika mmoja." Jadili kauli hii kwa hoja nne. (alama 8)
2. Eleza jinsi kinaya kinavyojitokeza katika mazungumzo ya Marty na Dkt. Brown wa 1955. (alama 4)
3. Onyesha jinsi nia ya Marty ya kuwaunganisha wazazi wake inavyobadilika. (alama 4)
4. Chagua mhusika mmoja kutoka tamthilia unayoisoma. Tafuta kauli yake moja isiyoafikiana na matendo yake, kisha ueleze sababu kwa kutumia maswali manne ya makala haya. (alama 4)